Kalamu nayo isomewe shahada

Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya huanza mtihani wa Kiswahili kwa Karatasi ya Kwanza, na jina la karatasi hiyo ni Insha. Huandika insha mbili, moja ya lazima na moja ya kuchagua, na humo hutafuta alama 40. Nyuma yake ipo miaka mingi ya kuandika kwa kupangiwa: barua, kumbukumbu za mkutano, hotuba, kisa cha kuthibitisha methali. Ni rahisi kuzicheka insha hizo, hasa zile zinazofunguliwa kwa mapambazuko ya kukariri na ndege wale wale wanaoimba mitini. Lakini walau mtoto huyo ameambiwa tangu shule ya msingi kwamba kuandika ni jambo la kufundishwa na kusahihishwa. Akifaulu akaingia chuo kikuu kusomea Kiswahili, mafunzo hayo yanakatika. Kuanzia hapo atasoma fonolojia, mofolojia, isimujamii na nadharia za uhakiki. Atachambua fani na maudhui ya vitabu vya watu. Ataandika makala za kitaaluma zenye orodha ndefu ya marejeleo. Kuandika kwake mwenyewe kutabaki kozi ya muhula mmoja, pengine ya hiari, iliyobanwa katikati ya kozi lukuki. Tunamfundisha miaka mitatu au minne kuonja mchuzi, kisha tunashangaa kwamba hajui kuupika.

Hoja yangu ni kwamba uandishi unastahili shahada yake ya kwanza katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, kwa Kiswahili, ukiwa somo kuu na si pambo la somo jingine. Wanaoitetea hoja hii kwa kawaida huanza na majina makubwa. Hutaja Tuzo ya Nobel aliyopewa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 2021, halafu huuliza mwingine tutampata lini. Naona hapo ndipo wanapoidhoofisha. Hakuna chuo duniani kinachoweza kuahidi mshindi wa Nobel kwenye mahafali yake, na Gurnah mwenyewe hakupata shahada ya uandishi: alisomea fasihi, akaifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent. Sababu ya kuitaka shahada hii iko chini zaidi ya hapo, kwa mtu ambaye jina lake halitokei kwenye jalada la kitabu. Mtu huyo ni mhariri.

Kiswahili hakina uhaba wa watu wanaoandika. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilipoanza kutolewa mwaka 2015, miswada ilikuwapo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipofuata nchini Tanzania mwaka 2023, miswada ilikuwapo. Kwenye simu za watu hadithi za mfululizo zinatiririka usiku kucha, na wapo wasomaji wanaolipia sehemu inayofuata kabla ya kulipia umeme. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mswada mmoja wiki tatu, kisha amwambie mwenyewe kwamba sura ya tano inarudia ya pili. Kwamba mvuvi huyu anazungumza kama mhadhiri. Kwamba sentensi hii ilifikiriwa kwa Kiingereza ikavikwa kanzu na kofia ipite kama Mswahili. Tena amwambie kwa namna itakayomfanya arudi mezani badala ya kununa. Riwaya nyingi za Kiswahili zinazotoka siku hizi zinasomeka kama rasimu ya pili ya kitabu kizuri. Mwandishi alifanya yake, ila njiani hakukutana na mtu wa kumdai rasimu ya tatu.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na nyumba zake. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1948, East African Publishing House ikafuata Nairobi mwaka 1965, na Tanzania Publishing House ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Hizi hazikuwa mashine za kuchapa tu. Kazi ya nyumba kama hizo ilikuwa pia kusoma miswada na kuamua upi una uhai ndani yake. Tanzania Publishing House ndiyo iliyotoa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi mwaka 1978 na Kuli mwaka uliofuata, vitabu ambavyo hadi leo vinafundishwa. Kisha nyumba zikaanza kuanguka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Ofisi ya Vitabu ikagawanyika nayo. Miaka ya 1980 ikaja na uhaba wa fedha za kigeni, na karatasi ni bidhaa ya fedha za kigeni. Mchapishaji aliyenusurika alinusurika kwa vitabu vya kiada, kwa sababu ndivyo vyenye mnunuzi wa uhakika. Nchini Tanzania hata riziki hiyo ilipungua, pale Serikali ilipourudisha uandaaji wa vitabu vya kiada mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania katika muongo uliopita. Mchapishaji wa namna hiyo hawezi kumlipa mtu miezi sita anyooshe riwaya ya kijana asiyejulikana. Simlaumu, ana mishahara na kodi ya pango. Lakini kazi iliyokuwa ikifanyika mezani pake haijapata mrithi, na ukitazama huku na huku utaona ni taasisi moja tu iliyobaki inayoweza kumpa kijana miaka mitatu pamoja na msomaji mwenye kalamu nyekundu bila kuuliza kwanza nakala ngapi zitauzwa. Ni chuo kikuu.

Kuna wanaosema kwamba kuandika ni kipaji, na kipaji hakifundishwi darasani. Ajabu ni kwamba maneno haya husemwa na watu wa lugha ambayo ushairi wake umejengwa juu ya kanuni. Vina, mizani, mishororo, kituo, utoshelevu wa beti: hakuna aliyezaliwa navyo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kichwa hicho peke yake kinatosha kuonyesha kwamba mtunzi alichukuliwa kuwa mwanafunzi wa jambo lenye taratibu. Waliomjibu kwa ubishi miaka ya 1970, kina Euphrase Kezilahabi, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, nao hawakusema ushairi haufundishiki. Walibishana juu ya kipi kifundishwe. Mulokozi na Kahigi walikiita kitabu chao Kunga za Ushairi, na kila aliyekulia katika jamii zenye unyago au jando anajua kwamba kunga ni mambo ambayo mwari hawezi kuyajua mpaka awekwe chini na somo wake. Kabla ya hao wote lilikuwapo gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ambamo washairi wa miji na vijiji walijibizana na kusahihishana mbele ya wasomaji. Shaaban Robert, ambaye hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba mwandishi bora hahitaji chuo, alikuwa karani wa serikali mchana na mmoja wa waandishi wa kurasa hizo. Hakuwa na shahada, ni kweli. Alikuwa na hadhara iliyojua kumhesabia mizani. Hadhara ya namna ile leo haipo gazetini, na kwenye mitandao kilichopo ni pongezi na matusi, ambavyo vyote viwili havimnoi mtu.

Wengine watasema shahada ya uandishi ni jambo la kuletwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kamba yake inaonekana. Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kilianza kukubali kazi za kubuni kama tasnifu mwaka 1922, na mwaka 1936 kikaanzisha programu yake ya waandishi. Johns Hopkins ikafuata mwaka 1947 na idara ambayo hadi leo inatoa uandishi kama somo kuu la shahada ya kwanza. Uingereza ilisubiri hadi 1970, pale Malcolm Bradbury na Angus Wilson walipofungua kozi ya umahiri katika Chuo Kikuu cha East Anglia. Mwanafunzi wao wa kwanza alikuwa Ian McEwan, na muongo mmoja baadaye akapita Kazuo Ishiguro. Pesa nazo hazikuwa safi siku zote. Mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962 ulifadhiliwa na shirika ambalo baadaye ilibainika lilikuwa likipokea fedha za CIA kwa siri. Lakini jeraha kubwa zaidi la mkutano ule halikuwa la pesa. Uliitishwa kwa ajili ya Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza, na kwa kigezo hicho Shaaban Robert hakuwa na kiti. Alifariki mwezi huo huo.

Ubaguzi huo haujaisha, umebadili mavazi tu. Binyavanga Wainaina alikwenda East Anglia akapata shahada ya juu ya uandishi mwaka 2010. Jennifer Nansubuga Makumbi alitoka Uganda kwenda Manchester kusomea uandishi, kisha Lancaster kwa uzamivu, na riwaya yake Kintu ikatoka mwaka 2014. Wote wawili walinufaika, nasi tukanufaika nao. Ila tazama mlango ulivyokaa: Mwafrika Mashariki anayetaka kufundishwa kuandika kwa Kiingereza anaweza kukata tiketi ya ndege akaenda, na mwenzake anayetaka kufundishwa kuandika kwa Kiswahili hana pa kukatia tiketi. Wala haitoshi kusema kwamba lugha za Kiafrika haziwezi kubeba shahada ya namna hii. Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini kimekuwa kikipokea kazi za Kixhosa katika shahada yake ya umahiri ya uandishi, na Kixhosa hakina wasemaji wanaokaribia wa Kiswahili.

Kwa nini basi shahada ya kwanza, badala ya umahiri kama wafanyavyo wengi? Inasemekana kijana wa miaka 20 hana la kuandika. Angoje aishi kwanza. Rekodi yetu wenyewe inasema vingine. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya zake mbili za mwanzo akiwa mwanafunzi wa Makerere, baada ya hadithi fupi alizotoa katika Penpoint, jarida la Idara ya Kiingereza ya chuo hicho. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944, na Rosa Mistika ikatoka mwaka 1971, akiwa ndiyo kwanza ametoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakubwa waliipiga marufuku shuleni, jambo linaloonyesha kwamba kijana yule alikuwa na la kusema. Zaidi ya hayo, umri huo ndio wa kujenga tabia ya kazi. Anayejifunza kukata sentensi yake mwenyewe akiwa na miaka 20 huona ni jambo la kawaida. Anayeanza na miaka 40 huona amedhalilishwa.

Hatari moja ya madarasa haya naikubali bila kuzunguka. Darasa la uandishi linaweza kuwa kiwanda: wanafunzi 15 wanamwandikia mwalimu mmoja, mwalimu anapenda sentensi fupi, na mwaka wa tatu wote wanaandika sentensi fupi. Wamarekani wamelalamikia jambo hili miaka mingi na hawajalimaliza. Kwetu kiwanda kingekuwa cha namna nyingine, nacho kimeshaanza shule za msingi, pale mtoto anapopewa orodha ya misemo ya kupachika ili insha iwe na utamu. Dawa yake ni kusoma sana na kusoma kwa upana: mashairi ya Muyaka na tenzi kwa upande mmoja, riwaya za kipelelezi za Ben Mtobwa kwa upande mwingine, pamoja na hukumu za mahakama, nyimbo za taarabu, vipeperushi vya afya, hotuba za Bunge. Mwanafunzi aliyesoma hivyo ni vigumu kumtia katika kalibu moja.

Sasa niende kwenye swali la mzazi, ambalo ndilo zito: atakula nini? Shahada inayofundisha kutunga hadithi peke yake, ikamwacha kijana na deni la Bodi ya Mikopo na diwani mkononi, ingekuwa hadaa, nami nisingeitetea. Ndiyo maana somo kuu la uandishi lazima liambatane na somo la pili la maarifa: sheria, kilimo, afya ya jamii, uchumi, kompyuta. Mwandishi lazima ajue kitu kimoja nje ya kuandika, vinginevyo ataandika juu ya waandishi. Na kazi za watu wa namna hiyo zipo, ila hazijapewa jina lao. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi zinahitaji kusemwa upya, na yeyote aliyewahi kusoma kifungu kilichotafsiriwa neno kwa neno anajua kwamba mwanasheria peke yake hatoshi na mtaalamu wa isimu peke yake hatoshi. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini fomu na matangazo mengi ya serikali bado hayajapata habari. Vituo vya televisheni vinatia sauti za Kiswahili katika tamthilia za Kituruki, na mwenye kusikiliza kwa makini hutambua mara moja ni wapi mfasiri alichoka. Benki, hospitali, kampuni za simu, mashirika ya misaada: wote wanatoa maandishi ya Kiswahili kila siku, na mengi yameandikwa na mtu aliyepewa kazi hiyo kwa sababu tu alizaliwa Tanga.

Hilo la mwisho ndilo kosa letu la msingi. Tunaamini kwamba kuijua lugha ni kujua kuiandika. Hatuamini hivyo kwa habari: Tanzania ina Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inayomtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na kanuni zake zikataja elimu ya diploma. Mtu anayeandika habari ya aya sita juu ya ajali barabarani anadaiwa cheti. Anayeandika maelezo ya dawa atakayoyasoma mama usiku mtoto akiwa na homa hadaiwi chochote. Sitaki sheria ya kumzuia mtu kuandika, la hasha, na hata hiyo ya habari ina mengi ya kuulizwa. Nataka tu pawe na mahali ambapo anayetaka kuifanya kazi hii vizuri anaweza kwenda akafundishwa.

Kuna wanaodhani mashine za akili bandia zimelimaliza jambo hili. Zinaandika Kiswahili, tena haraka. Lakini mara nyingi ni Kiswahili chenye mifupa ya Kiingereza, na tofauti hiyo haionekani kwa mtu ambaye sikio lake halikufunzwa. Kadiri maandishi ya namna hiyo yanavyozidi kumwagika, ndivyo atakavyohitajika mtu wa kusema hapana, sisi hatusemi hivi, na akaweza kueleza kwa nini.

Kikwazo ninachokiogopa hakiko kwa wazazi wala kwa mashine, kiko ndani ya vyuo vyenyewe. Nani atafundisha? Kanuni za ajira na za kupandishwa cheo zinahesabu shahada ya uzamivu na makala za majarida. Makala moja juu ya riwaya humpa mhadhiri alama ambazo mwenye riwaya, akiwa hana uzamivu, hawezi hata kuziomba. Kwa kanuni hizo Adam Shafi angeruhusiwa kuchambuliwa darasani bila kuruhusiwa kulifundisha darasa hilo. Na bado njia ilishawahi kufunguliwa hapa hapa: mwaka 1969 Makerere ilimweka Ngũgĩ kwa mwaka mmoja kama mwandishi wa chuo, akiwa hana uzamivu wowote. Vyuo vinaweza kuunda nafasi kama hizo kwa waandishi, watafsiri na wahariri wakongwe, ambao wengi wamestaafu na kumbukumbu za zile nyumba za uchapishaji bado wanazo kichwani. Watu hao hawatakuwapo milele, na wakiondoka hakuna kitabu kitakachotueleza walikuwa wakifanya nini na mswada.

Gharama nyingine ni ya saa za mwalimu, nayo sitaificha. Somo hili haliwezi kufundishwa ukumbini kwa wanafunzi 400 na kipaza sauti. Kila andiko linataka kusomwa na mtu, kurudishwa, na kusomwa tena. Kwa hiyo seneti ya chuo chochote kitakachothubutu, iwe Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Mombasa au Kampala, isianze na kitivo wala jengo. Ianze na wanafunzi 15 waliochujwa kwa maandishi yao na si kwa alama peke yake. Darasa lenyewe halihitaji maabara. Linahitaji meza moja ndefu, viti 16, na nakala za mswada wa mmoja wao, zilizochapwa kwa nafasi pana kati ya mistari ili wenzake wapate pa kuandika.